Firigisi Ilienda kwa Nani

Uswidi,
mwezi wa tatu, theluji bado iko.

Kwako Mama Neema, mke wangu Nanjala,

Pokea salamu za mume wako kutoka huku kwenye baridi. Je, hujambo? Neema hajambo, na kile kikohozi chake kimepona? Ng'ombe amezaa ama bado anatuchezea? Na mvua imeshuka tena huko Endebess, ama bado mnatazama mawingu yakikaa juu ya Mlima Elgon kama watu wasiotaka kuteremka? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini. Moyo ndio haujatulia, na sababu unaijua.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulinikatia, na tangu siku hiyo nikipiga naambiwa mteja hapatikani. Sijui kama ni betri au ni hasira. Kwa karatasi huwezi kunikatia. Unaweza kuichoma, lakini nakujua, utasoma kwanza.

Nataka nikueleze tangu mwanzo jinsi mambo yalivyokuwa upande wangu, maana kwa simu nilianzia katikati na nikaharibu. Kisha nina jambo moja la kukuomba. Ulisome mpaka mwisho ndipo ukasirike vizuri.

Ilianza na wifi yako Nafula. Najua umeshajua ni yeye, kwa hiyo simfichi. Alinipigia siku ya Jumapili nikiwa nafua nguo.

"Kaka, mimi sipendi maneno ya watu," akaanza, na hapo hapo nikajua maneno yanakuja. "Lakini nilipita Endebess kusalimia mama. Si unajua mama alikuwa amemtembelea bibi yako? Sasa nikakuta jogoo imechinjwa. Ile kubwa nyekundu."

"Jogoo ni wa kuchinjwa," nikamwambia.

"Ngoja nimarize. Nakuta Balasa amekaria kiti yako. Kiti yako, kaka, si ile ya wageni. Nikaenda inje kunawa mikono, nikarudi nikachungulia sufulia. Filigisi hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna bana! Kuku mzima, filigisi hakuna. Sasa mimi sisemi kitu. Nimesema tu vile macho imeona."

Nanjala, wewe ni mtu wa kwetu, sina haja ya kukufundisha. Lakini wacha niseme ili ujue kilichonipita kichwani. Tangu nipate akili, katika boma la baba yangu kule Bokoli, firigisi ilikuwa ya mwenye boma. Mama aliitoa kwenye sufuria kabla ya kipande kingine chochote, akaiweka kwenye sahani ya baba, na sisi tukaitazama ikiliwa. Kama kulikuwa na mgeni mkubwa, baba aliweza kumpa, lakini ni yeye aliyempa. Nyanya yangu aliondoka duniani bila kuonja kuku, maana kwa mwanamke ilikuwa mwiko. Mama mwenyewe siku hizi anakula kuku lakini firigisi hajawahi kuigusa. Siku tuliyohamia Endebess, kuku wa kwanza uliyenichinjia uliniletea firigisi kwa mikono miwili ukicheka, ukaniambia, "Shika, mwenye boma." Mimi sijasahau hiyo siku.

Sasa naambiwa firigisi yangu haionekani, na kwenye kiti changu amekaa Barasa.

Huyo Barasa namjua kuliko unavyomjua wewe. Tulitahiriwa naye mwaka mmoja, nimemwona akilia na nimemwona akiringa. Mkewe alipofariki kule Tongaren alihamia Endebess na trekta lake, na tangu niondoke nimekuwa nikisikia jina lake katika kila salamu inayotoka nyumbani. Barasa amelima. Barasa ameleta mbegu. Barasa amesukuma gari la pasta matopeni. Ana mabega, ana kicheko kinachosikika hadi ng'ambo ya mto, na ana trekta. Mimi nina chipu ya kompyuta, ndogo kama ukucha, nayo haiwezi kulima hata mstari mmoja. Niliona wivu, Nanjala. Siuiti kwa jina lingine. Niliona wivu hadi chakula kikawa kichungu.

Na ujue kwamba kuku wa huku hawana firigisi. Wanauzwa dukani wakiwa wamefungwa kwa plastiki, weupe, tumboni mtupu. Siku ile nilimwuliza mama wa dukani firigisi huenda wapi. Alidhani sijui lugha yao, akanionyesha mayai. Nilirudi nyumbani na kuku yule, nikamla peke yangu nikiwaza ni nani anakula changu.

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipewa sehemu ngumu ya kazi, na wacha nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu huwa unaniuliza natengeneza nini na mimi hukujibu tu, "kompyuta," kama mtu anayeficha.

Unakumbuka mwaka ule kabla sijaondoka, zamu za trekta zilipokuwa zikiandikwa kwa chaki kwenye mlango wa kinu cha posho? Mlango ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi, na kinu kiko mbali, kwa hiyo kila mtu alinakili zamu kwenye kipande chake cha karatasi akaenda nacho nyumbani. Kisha Barasa akabadilisha mlangoni bila kumwambia mtu. Wewe ukatoka na karatasi yako ya zamani, mzee jirani akatoka na yake mpya, na trekta likasimama katikati ya mashamba mawili mkitupiana maneno. Wote mlikuwa na haki. Karatasi ndizo hazikukubaliana.

Basi hiyo ndiyo shida ninayolipwa kuizuia. Kompyuta tunayotengeneza hapa haina ubongo mmoja. Ina bongo nyingi zinazofanya kazi moja kwa pamoja, na zote zinatumia kumbukumbu moja, kama nyinyi mlivyotumia mlango ule. Lakini kumbukumbu iko mbali na bongo zina haraka, kwa hiyo kila ubongo hunakili unachohitaji na kukiweka karibu. Ubongo mmoja ukibadilisha kitu, nakala za wengine zinakuwa uongo. Kwa hiyo tumeweka sheria ndani ya chipu yenyewe. Anayetaka kuandika kitu kipya lazima kwanza atume habari kwa wenzake wote: chaneni karatasi zenu. Wakishachana, yeye peke yake ndiye mwenye kitu hicho, anaandika, na mwingine akikihitaji tena lazima aje aulize upya. Hakuna anayekasirika, maana ni chuma na mchanga tu. Mimi ndiye ninayepanga nani anaulizwa, nani anajibu, na nani anangoja.

Sehemu niliyopewa ilikuwa hii: ubongo mmoja ukija kuomba kutazama tu, bila kuandika, utendewe nini? Nikafikiri nikaona mimi ni mjanja. Nikasema, anayekuja kutazama, baada ya muda mfupi atataka kuandika. Nani huja kutazama tu? Basi nisimpe safari mbili. Akija kutazama, nimkabidhi kitu kizima awe nacho peke yake, na wenzake wote wachane nakala zao papo hapo. Nilichora hivyo, nikaandika sababu zangu, na wenzangu wakapitisha kwa sababu mara nyingine kweli mambo huwa hivyo. Wakati huo sikuona kwamba mkono uliochora ulikuwa wa mtu aliyetoka kuongea na Nafula.

Nikiwa bado nachora ndipo nikakupigia mara ya kwanza. Hukupokea wewe.

"Hallo, niaje?" Sauti ya mwanamume.

"Wewe ni nani?"

"Ah, Wekesa! Mzee wa Ulaya! Ni mimi Barasa, bana. Uko salama? Baridi haijakumaliza?"

"Kwa nini uko na simu ya bibi yangu?"

"Iko kwa chaji. Si unajua huku stima haijafika, nimeiwekea kwa betri ya tinga. Yeye ako juu huko analima pembeni na jembe, mahali tinga haiwezi kugeuka. Nimwite?"

"Unachajia watu wote, ama ni huyo mmoja?"

"Ziko tano hapa, Wekesa. Hata ya pasta iko."

Nikakata. Hata ile ya pasta sikuiamini. Nilikaa nikikuona moyoni ukiteremka kutoka pembe ya shamba na jembe begani, ukienda kuchukua simu yako pale kwenye trekta, mkicheka. Sauti ya trekta likiwa limewashwa niliisikia nyuma yake, na ndege walikuwepo, na mtu alikuwa akimwita mtu. Shamba langu lilikuwa linaongea na mimi nilikuwa natazama dirisha lililojaa barafu.

Baada ya hapo tukaijaribu mashine. Huwa hatutengenezi chipu moja kwa moja. Kwanza tunaiigiza ndani ya kompyuta nyingine tuone inavyojiendesha. Tukaipa kazi ikiwa na ubongo mmoja, ikaenda vizuri. Tukaongeza bongo, ikapungua mbio. Tukaongeza tena, ikawa inakokota miguu. Bongo zote pamoja zilikuwa zinafanya kazi polepole kuliko ubongo mmoja peke yake. Tulipotazama ndani tukaona kwa nini. Zilikuwa zinanyang'anyana. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho kila ubongo ulihitaji kukitazama tu, basi, kama mtu anavyotazama saa ukutani. Lakini kwa sheria yangu, kila aliyetazama alikichukua chote na wengine wakachana zao. Kabla hajamaliza kutazama mwingine amekuja kunyakua. Hakuna aliyeandika neno hata moja. Walikuwa wananyang'anyana tu.

Bosi wangu ni mama mmoja mzee anayeitwa Astrid. Alivuta kiti akakaa karibu na mimi, akatazama mchoro kwa muda. Hakukasirika. Nakuwekea maneno yake kwa lugha yetu.

"Wekesa, nani alikuambia kila anayetazama anataka kuchukua?"

Masikio yaliwaka moto. Niliona kama alikuwa amesikiliza simu zangu zote.

"Wengine wanataka," nikasema.

"Wengine ndiyo," akasema. "Lakini wewe umewafungia wote. Mashine yako haijakosea popote. Ni vile tu hakuna anayeweza kuishi ndani yake."

Mtu mwenye busara angeenda nyumbani akatulia. Mimi nilitoka nje kwenye theluji mchana huo huo, nikakupigia wewe. Na hapo unajua tulivyosemezana, lakini wacha niandike nilivyosikia mimi, ujue yamenikaa.

Salamu sikutoa. Nikauliza, "Firigisi ilienda kwa nani?"

Ukasema, "Wekesa, umepiga simu toka Ulaya kuniuliza firigisi?"

"Nauliza tena. Na kiti changu, Barasa alikuwa anafanya nini kwa kiti changu?"

"Kiti ilivunjika mguu. Barasa ndiye aliitengeneza, akaikalia aone kama imeshika. Ulitaka aikalie nani, kuku?"

"Na firigisi?"

"Nilikula mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi Nanjala. Nilikula na nikamaliza. Uliza mamako, si alikuwa hapa? Yeye ndiye aliitoa kwa sufuria akaniwekea kwa sahani, mimi nikiwa nimetoka shamba na matope mpaka magotini. Akaniambia, 'Kula, mwanangu. Mwenye boma ni wewe.' Barasa alipewa mgongo, na alisema asante."

Ndipo nikamsikia Neema nyuma yako, akiuliza kwa ile sauti yake ya upole: "Mama, ni baba? Akikuja, atalala kwa kile kitanda cha wageni?"

Ukakata. Labda hukumsikia vizuri. Mimi nilimsikia.

Nanjala, nilisimama pale hadi viatu vikaloa. Kwanza nilikasirika. Nikasema mwanamke kula firigisi, tena mbele ya mama mkwe! Kisha nikacheka peke yangu barabarani, maana nilikuona vizuri, na matope yako, ukiitafuna polepole na kumtazama Barasa. Wewe ambaye jina lako walikupa kwa sababu ulizaliwa wakati wa njaa. Kisha kicheko kikaisha, na wivu ukarudi, lakini ulikuwa umebadilisha njia. Barasa nilikuwa nimemsahau. Nilikuonea wivu wewe.

Nakuonea wivu kwa mama yangu. Huyu mama ambaye hakunipa firigisi mimi mwanawe hadi nilipokuwa na nyumba yangu, amekupa wewe bila kuombwa. Nakuonea wivu kwa shamba, maana unajua ni pembe gani trekta haliwezi kugeuka na mimi nimeshasahau. Nakuonea wivu kwa Neema. Wewe unajua anapenda kulala upande gani. Mimi najua tu kwamba anafikiri kitanda changu ni kile cha wageni. Miaka hii yote nilidhani naibeba nyumba pamoja nami, na kumbe nilikuwa nimebeba karatasi ya zamani. Mlango umefutwa na kuandikwa upya mara nyingi, na aliyekuwa na chaki ni wewe. Ilikuwa haki yako. Yule anayefanya kazi ndiye anayepewa kitu akiandike, hiyo sheria niliichora mwenyewe. Lakini inauma, Nanjala. Sitakudanganya kwamba haiumi.

Kazini nilirudi nikabomoa sehemu yangu. Sasa wanaotazama wanatazama pamoja, wengi wanavyotaka, kila mmoja na nakala yake, na hakuna anayechana chochote. Mmoja akitaka kuandika, hapo tu ndipo anapoomba kuachiwa. Na kwa wale wachache ambao kweli hutazama na kuandika papo hapo, nimeweka njia ya kuwatambua kwanza kwa mwendo wao, badala ya kuwashuku wote. Tukaijaribu tena. Bongo zikaongezwa, na mashine ikaongeza mbio. Astrid aliniletea keki. Wenzangu walipiga makofi, na nilifurahi, sitasema uongo. Hii kazi naipenda. Kuna siku naiona nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, na hilo nataka ulijue unaposoma yanayofuata.

Wiki iliyopita Astrid aliniita akaniambia wanataka nibaki tutengeneze mashine inayofuata, kubwa zaidi. Ni miaka mingine miwili. Alidhani nitaruka kwa furaha. Nilimwambia nimpe jibu baada ya siku chache, nikazunguka na hilo jambo kila mahali, dukani, kanisani, hata nikiwa nafua. Jana nimempa. Nimemwambia nitakaa hadi chipu hii iende kiwandani, kisha narudi kwetu. Aliniuliza kuna nini huko. Nikamwambia kuna mahindi. Sikujua namna ya kumweleza mengine.

Kwa hiyo nakuja wakati wa kuvuna, Mungu akipenda, wakati ule ule niliozaliwa. Kazi nitakayofanya siijui. Huko Endebess hakuna mtu anayehitaji bongo nyingi zinazotumia kumbukumbu moja, na hata Kitale sijui kama wapo. Labda nitafundisha. Labda nitakuwa nashika jembe kwenye zile pembe na nikilala nimechoka nitakuwa nachora vitu kichwani. Usidhani nakuja kwa sababu nimeshindwa hapa. Na usidhani nakuja kukunyang'anya. Siku zile za kwanza Nafula aliponipigia, ningekuja kwa hilo. Sasa nakuja kuuliza upya.

Sasa lile ombi langu.

Siku nitakayofika, najua mama atasema kuku achinjwe. Majirani watajaa. Barasa atakuja, na kicheko chake, na aje, mimi sina neno. Wataniweka kwenye kile kiti chenye mguu mpya. Na mtu atafikiri ni heshima kunipa firigisi, kwa sababu nimetoka mbali na nimevaa koti. Nanjala, nakuomba, isiwe hivyo. Wewe unajua firigisi hupewa watu wawili tu, mwenye boma na mgeni mkubwa. Mwenye boma ni wewe, mama ameshasema, nami sipingani na mama. Basi ikija kwenye sahani yangu siku hiyo nitajua mmenipokea kama mgeni, na nitaweka kijiko chini mbele ya watu wote.

Nipe shingo. Nipe miguu niitafune na Neema. Nipe mgongo kama ule aliopewa Barasa, ingawa hapo nitaona wivu tena kidogo. Nipe kipande ambacho mtu hupewa bila kufikiriwa, vile unavyompa mtu anayekula hapo kila siku.

Na kile kitanda cha wageni, mwambie Neema akitoe shuka kabisa.

Nisalimie mama, ukifika Bokoli ama akija kwako tena. Mwambie nimesikia alivyogawa kuku, na kwamba sina la kusema ila ningependa angeniambia mwenyewe. Nisalimie wifi yako Nafula, mwambie macho yake ni mazuri lakini siku nyingine asikimbilie kwenda kunawa mikono, maana aliacha kuona lililokuwa kubwa. Nisalimie baba yako na ndugu zako wote. Nisalimie pasta, na umwulize kwa siri kama kweli simu yake ilikuwa kwenye ile betri. Na Barasa msalimie pia. Mwambie asante kwa kiti. Kimeshaonekana kwamba kimeshika, kwa hiyo asikikalie tena.

Sihitaji barua ndefu kutoka kwako, najua ni msimu wa kupanda na mikono ina kazi. Nitumie ujumbe mdogo tu kwa simu, ukiitoa kwenye trekta. Usiandike salamu, usiandike kwamba umesamehe. Andika kipande nitakachopewa, basi, na mimi nitajua.

Ni mimi, Baba Neema, ninayesubiri na simu mfukoni,
Wekesa.